Kadi Kwenye Mpini

Basi la Mombasa lilinishusha katikati ya Kampala, watalii wakipishana na wachuuzi. Kabla sijampigia dereva wa hoteli, mwanamume mmoja alilishika begi langu.

"Karibu, nyabo Shifa," alisema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hoteli imenituma nikuchukue."

Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kadi ya jina iliyoning'inia kwenye mpini.

"Hoteli ndiyo imekupa jina hilo?"

"Ndiyo. Hata picha yako wamenionyesha."

Nikisafiri peke yangu huazima begi la mama, na kadi yake siitoi.

Nikavibandua vidole vyake kwenye mpini, kimoja kimoja, nikapaza sauti ili askari wa benki ya jirani asikie.

"Shifa ni mama yangu, yuko kwake Mombasa anapika. Sasa niambie, mimi naitwa nani?"