Sponji za Koti la Harusi

Sixte alilitandaza koti lake la harusi juu ya meza ya useremala, akalipasua mabegani kwa kisu. Ndani ya kila bega mlikuwa na kipande cha sponji. Akavitoa vyote viwili, akavibonyeza kwa kidole gumba, akaona vinafaa.

"Wewe umechanganyikiwa," alisema jirani yake Silvesta, kwa sauti ya chini. "Koti zima?"

"Sponji ya godoro imekufa. Hii bado inarudi ukiibonyeza."

Mezani palikuwa na hedifoni za aina mbili. Zote aliziacha Pacifique, mwanawe wa kwanza, alipopanda huku Mwese kuwasalimia kabla ya kurudi Mpanda kwenye bodaboda yake. "Msikilize kwaya nyumbani," alisema, akainama kuupita mlango, akaondoka.

Zile ndogo zilikuwa na sauti safi. Kila mwimbaji alisikika mahali pake, lakini kelele za nje nazo zilipita bila hodi. Zile kubwa zilifunika sikio zima, ila ngozi yake ilikuwa imebanduka, na besi ilivuma kama debe tupu.

Sixte alihitaji zile kubwa. Mkewe Épiphanie alikuwa na presha, na muuguzi wa zahanati alikuwa ameonya: atulie, asisikie jambo la kumshtua. Tangu siku hiyo Sixte hakupiga msumari hapo nyumbani. Leo kulikuwa na kazi isiyoweza kusubiri, na kati ya meza yake na kitanda cha mkewe palikuwa na ukuta mmoja tu wa tofali za kuchoma.

"Ungefanyia kwangu," alisema Silvesta.

"Kwako watu wameshajaa."

Silvesta aliokota nyundo.

Sixte hakufundishwa mambo ya sauti na mtu. Alibadili kitu kimoja tu kila mara, kisha akasikiliza wimbo uleule, huku Silvesta akigonga ukuta kwa nyundo. Aliziba tundu la waya kwa nta ya nyuki, uvumi ukapungua. Akajaza sufi nyuma ya spika. Uvumi ukaisha, lakini sauti za kina mama zikafifia kama zinaimbia ndani ya gunia. Akapunguza sufi nusu. Mwisho akashona sponji za koti kuzunguka masikio. Silvesta akagonga tena. Sixte alimwona akigonga, lakini hakusikia kitu zaidi ya kwaya.

Alizivua taratibu.

Ndani, Épiphanie alikuwa ameegemea mto.

"Pacifique amepiga?"

"Mtandao unasumbua." Alichukua simu ya mkewe, akatoa laini. "Isije ikaita katikati ya wimbo," alisema. Akaacha memori kadi peke yake.

Alimvisha kwanza zile ndogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji, na Sixte alitaka hukumu yake.

"Hizi ndizo nzuri," alisema Épiphanie.

"Kwa kwaya, sawa. Lakini nyundo itapita."

"Nyundo niliolewa nayo, Baba Pacifique. Iache ipite." Alitabasamu kidogo. "Unatengeneza nini?"

"Kabati. La mwalimu."

"Lina haraka gani?"

"Anahama."

Épiphanie alimtazama kwa muda. Kisha akainamisha kichwa, akavishwa zile kubwa. Sixte aliwasha wimbo. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akauliza, "Unanisikia?"

Épiphanie alikuwa amefumba macho. Hakujibu.

Nyuma ya nyumba, Sixte alitoa mbao za mninga alizokuwa amezihifadhi darini. Hakuna mtu aliyempa vipimo. Alisimamisha ubao wima, akajipima nao kutoka unyayoni hadi utosini, akaongeza upana wa kiganja, akakata. Baadaye akapiga randa. Randa ilikuwa ikikwama mara kwa mara, yeye ambaye watu walisema randa yake inateleza kama sabuni.

Simu ya Silvesta iliita. Alisogea pembeni, akarudi.

"Jean-Marie ameshapita Mpanda. Pikipiki ilipata pancha, lakini anakuja."

Jean-Marie alikuwa kaka yake Épiphanie, mkulima wa mpunga wa Kibaoni.

"Mtu asiingie chumbani kwa mke wangu kabla yake," alisema Sixte. "Kaka mtu ndiye aanze kumwambia."

"Nimeshawaambia wote. Na kina mama nimewakataza kupiga kelele. Kaza mkono basi, gari nalo halipo mbali."

Sixte alipigilia misumari. Kila baada ya msumari mmoja alisimama, akatega sikio ukutani. Kimya. Alimshukuru Mungu kwa sponji, kwa nta, kwa sufi. Alipigilia wa mwisho, akapangusa vumbi kwa kile kilichobaki cha koti, akaingia ndani kuona kama wimbo bado unaendelea.

Épiphanie alikuwa amekaa wima kitandani. Hedifoni zilikuwa kichwani, macho yamefumbwa, mashavu yamelowa. Mapajani mwake, juu ya kitenge, zilikuwapo sponji mbili za koti la harusi, zimefumuliwa uzi kwa uangalifu na kupangwa sambamba. Waya wa hedifoni ulikuwa umelala kwenye blanketi, haukuchomekwa popote.

"Baba Pacifique," alisema, bila kufumbua macho. "Hilo sanduku nenda ukaliongeze urefu. Mtoto alikuwa ameshakupita kimo."