Safu ya Mbele

Tangu Ramadhani iliyopita Mbaruku hakuadhini tena. Mji mzima ulidhani muadhini wao ana maradhi ya koo. Aliswali safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, na mwingine alipoadhini, midomo yake ilimfuatiza.

Ulipoingia Rajabu akaanza kusogea, safu moja kila Ijumaa, akiomba, "Ya Rabi, nipe ulimi." Leo alifika ya mbele. Swala ilipokwisha, akamwomba imamu kipaza sauti.

"Koo limepona?" aliuliza Maalim Twaha.

"Halikuugua, Maalim. Siku ile ya mawingu niliadhini magharibi kabla ya wakati. Nilipotoka nikaliona jua, na watu wameshafuturu. Nikanyamaza. Mji mzima una funga moja ya kulipa."

"Wengine tumeshawazika, Mbaruku."

"Najua. Mama yangu ni mmoja wao. Ile tende nilimpa mimi."

Maalim akampa kipaza sauti. Mlangoni, waliokuwa wakivaa viatu wakamwona amekishika kwa mikono miwili. Wakavivua tena, wakarudi ndani wakitabasamu, kwa hamu ya kuisikia ile sauti.