Maalim Jamaldin Aondolewe

Watu sitini na wawili alikwisha kuwatoa. Alibaki mmoja tu, na kwa huyo mmoja vidole vya Hussam vilikataa kata kata.

Tangu asubuhi hakuwa ameinuka kitini, ghorofani kwenye nyumba ya mawe ya Mji wa Kale iliyogeuzwa ofisi ya kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Wakaguzi waja Jumatatu, na bosi alitaka kila asiyehusika aondolewe kwenye makundi ya ruhusa ya kompyuta: kundi la ghala, kundi la lango, kundi la vibali. Hussam aliandika namba ya mtu na jina la kundi, amri ikaenda kwenye mfumo, na mfumo ukajibu neno moja. Ameondolewa. Walioacha kazi, waliohamia Nairobi, waliokufa, Mungu awarehemu. Ameondolewa. Kazi gani hii, wallahi, ya kuwafukuza watu wala nyuso zao huzioni?

Na mfumo wenyewe una wazimu wake. Kwenye orodha ya ambao hawajaingia kwa miaka miwili ulimtia hata Bwana Taizoon, bosi mwenyewe, anayeketi chumba cha pili na kuidhinisha vibali kila siku iendayo kwa Mungu. Hussam alicheka cheko la uchovu, akamruka. Mwenye kampuni afukuzwe na nani?

Jina lililobaki lilikuwa la Jamaldin Athman, karani wa vibali. Ana miaka thelathini kazini, na jioni husomesha chuo cha Kurani, Bondeni. Nusu ya watu wa ofisi ile, Hussam akiwamo, walijua alifu kwake na wakaonja bakora yake.

Kosa lake lilijulikana kwa wote. Mwezi wa Ramadhani Maalim alikwenda Umra wiki mbili. Na wiki hizo mbili, yeye yuko Makka, jina lake liliingia kwenye mfumo kila asubuhi, kutoka humu humu ofisini, likaidhinisha vibali. Mzigo haukupotea hata mmoja. Lakini paswadi haipewi mtu, sheria ndiyo hiyo, na mwenye kuitoa huenda nyumbani.

Asubuhi ile Bwana Taizoon alimsimamisha mbele ya wote.

"Maalim, mimi nakuheshimu. Nambia paswadi yako ulimpa nani, tuyamalize. Atakayefukuzwa ni yeye, si wewe."

Maalim alivua kofia, akapangusa jasho, akaivaa tena. "Niliombwa nimsitiri mtu, Bwana Taizoon, nikaitika. Siwezi kumvua nguo mbele za watu."

"Hata ukikosa kazi? Na umebakisha miaka miwili ustaafu?"

"Riziki yatoka kwa Mola."

"Basi aondolewe!" Bosi alipiga meza hadi vikombe vikalia. "Leo, kabla ya adhuhuri! Mbona mimi sihitaji kumpa mtu paswadi? Mashine yangu naiwasha, yanijua, naingia. Ugumu uko wapi?"

Maalim alimtazama kitambo. Kisha akainamisha macho, akasema, "Haya."

Sasa Maalim alikuja kwenye meza ya Hussam, akaziweka funguo za kabati taratibu, mmoja mmoja.

"Fanya kazi yako, mwanangu. Sina kinyongo nawe."

"Maalim, nambia mimi peke yangu," Hussam alinong'ona. "Naapa sitamwambia mtu."

"Maneno hayo hayo ndiyo niliyomwambia na yeye." Mzee alitabasamu kidogo. "Nadhani mwenyewe kashasahau. Haya, mimi napita Marikiti, mke wangu kanituma ndimu. Hajui bado."

Akashuka ngazi, mkono ukutani, akipumzika kila baada ya hatua mbili tatu.

Hussam aliwatazama wenzake. Vichwa vyote vilikuwa chini. Mmoja wa hawa, alijiambia, amekaa hapa na tumbo lake limejaa, mzee wa watu anambebea zigo lake na yeye kanyamaza kimya. Hana haya! Alitamani kumjua amzabe kofi. Kisha hata hasira ikamchosha. Alichotaka ni kumaliza, aende nyumbani alale.

Ilipokaribia adhana, aliandika namba ya Maalim. Kundi la ghala. Ameondolewa. Kundi la lango. Ameondolewa. Kundi la vibali. Hapo alifumba macho, akabonyeza.

Ameondolewa.

Hata hajainuka kitini, ikaja sauti ya Bwana Taizoon kutoka chumba cha pili.

"Hussam! Ndoo hapa! Mashine hii imeingiwa na shetani gani? Nina kibali cha watu hapa chasubiri, nayo yanifukuza!"

Hussam alijikokota hadi nyuma ya kiti cha bosi, akainama atazame. Bwana Taizoon alikuwa akipapasa mifuko kutafuta miwani ambayo hakuwa na mazoea ya kuivaa. Kwenye kioo palikuwa na maandishi madogo mekundu.

"Yasemaje hayo?" bosi aliuliza. "Nisomee."

Hussam akasoma.

"Samahani, Jamaldin Athman. Umeondolewa."