Koti la Baba, Hereni za Mama

Ndugu yangu aliingia chumba changu cha kushonea amevaa koti la marehemu baba, akaninyooshea kiganja. "Dada, niazime hereni za mama. Leo tu."

Nikakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Wazee wetu walipofariki, yeye alipewa koti, mimi hereni, na hakuna aliyetuuliza. Sasa koti kalibana kiunoni, kucha kapaka rangi, ndevu kazichonga, na vyote vimemkaa kama kazaliwa navyo!

Mteja wangu, aliyekuwa akijaribu gauni, akamkodolea macho. "Huyu ni kaka yako au dada yako?"

"Vyote viwili, mama," akajibu mwenyewe akicheka, "na wala sijachoka."

Wivu ukanishika. "Mshika mbili moja humponyoka," nikamrushia.

"Mbona zote bado ziko mkononi?"

Nikazivua hereni, zikiwa bado na joto la masikio yangu, nikamvisha. Zikampendeza kuliko zilivyowahi kunipendeza mimi.

Koti lile nimelipiga pasi tangu utotoni, nikinusa kola yake, baba asiponiona. Sikuwahi kuthubutu hata kuomba kulijaribu. Yeye kaja tu, mchana kweupe, mbele ya watu, kaomba.

Alipogeuka kuondoka, nikamkamata mkono wa koti.

"Umebadili nia?"

"Hereni nenda nazo," nikasema, nikivua utepe wa kupimia shingoni. "Koti niachie, nami nilivae."