Dereva ya Zamani

Ulipita. Usijifanye hukuona. Wanawake wa shamba zima wameketi kwenye nyasi za meneja, vikapu vitupu, saa ya kuchuma majani, na wewe ukapandisha kioo cha gari ukaendelea na safari yako ya Bomet. Basi sikiliza ulichokimbia.

Asubuhi hiyo Nyambeki, mchumaji, alipeleka maziwa nyumbani kwa Weldon, meneja wa shamba la chai. Akiwa mlango wa jikoni akamsikia meneja analalamika huko ndani.

"Tangu tuongeze stoo, mwendo umekufa. Jana nimepitwa na kila mtu. Aibu gani hii?"

"Stoo haina makosa, boss," sauti ya kijana ikajibu. "Ni mpya, ni kubwa. Nimepima joto, nimeangalia stima, kila kitu sawa. Shida ni dereva. Hiyo dereva ni ya zamani sana. Ndiyo maana inakwama kwa kona."

"Sasa?"

"Tuitoe leo. Tuitoe na kila kitu chake, isibaki hata alama, ndio tuweke mpya."

Nyambeki aliweka maziwa chini polepole. Dereva wa trekta la kubeba majani ni mume wake, Mokaya. Na kweli, tangu kampuni ijenge stoo mpya ya majani kule bondeni, trekta lilikuwa likichelewa. Mokaya kutolewa na kila kitu chake ni nyumba ya kampuni, ni kitanda, ni watoto, ni kuku. Alikumbuka wazee wa kupogoa chai walivyotolewa, masufuria yakirushwa matopeni mvua ikinyesha, na hakuna aliyefungua mdomo. Yeye mwenyewe hakuufungua.

Akarudi shambani mbio. Cherotich, mchumaji mwenzake mwenye sauti inayoshinda king'ora cha kiwanda, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Isibaki hata alama? Wamesema hivyo?"

"Nimesikia na masikio yangu, mama."

"Haya wamama, vikapu chini! Leo majani yajichume."

Wakapanda mpaka kwa meneja, wakaketi. Weldon akatoka barazani na malapa.

"Dereva haendi popote!" Cherotich akampokea.

"Dereva gani?"

"Ati dereva gani! Bwana meneja, ulikuja hapa hujui majani chai na magugu, ni sisi tulikuonyesha. Usitufanye watoto. Tumesikia yote."

"Yote?"

"Yote! Kutoa ya zamani, kuweka mpya. Tena leo!"

Uso wa meneja ukabadilika. Akaangalia barabara inayotoka Kericho, akawaangalia wale wanawake, na hakuna hata mmoja aliyeinamisha macho.

"Nani amewaambia?"

"Nyumba yako ni ya mbao, bwana," Nyambeki akasema.

Meneja akakaa kwenye ngazi. "Sikilizeni. Hayakuwa mawazo yangu. Hizo mashine za kuchuma chai bado ziko njiani kwa lori. Naweza kuzirudisha. Hakuna mtu atafukuzwa."

Mashine? Hizo hawakuwa wamezisikia. Cherotich ndiye alidaka kwanza.

"Piga simu hapa hapa. Weka spika, tusikie."

Akapiga, akaweka spika. "Geuza hilo lori," akasema. "Ndiyo. Na mashine zote."

"Sawa boss, nageuza," dereva wa lori akajibu, na wanawake wakalisikia lori lenyewe likipiga honi.

"Na Mokaya?" Nyambeki akauliza.

"Mokaya amefanya nini?"

Kabla hajajibiwa, kijana Duke, fundi wa kompyuta kutoka Sigowet, akatokeza mlangoni na bisibisi mkononi, meno yote nje.

"Boss, nimetoa ile dereva ya zamani kwa kompyuta, ile programu ya picha! Hiyo stoo ya diski tuliongeza haikuwa na shida yoyote. Njoo ucheze, geimu yako ya magari inaruka!"

Hao walisikia vibaya, hata hivyo wakasimama na mwenzao. Wewe dhuluma ya huko kwako umeisikia vizuri kabisa. Simama, sasa hivi.