Mbwa Mwenye Watu Wake

Siku hizi ukilala karibu na mbwa, ndoto zake zinakuwa zako. Ndiyo maana hapa Tukuyu muuzaji hakupi mbwa mpaka ulale naye kidogo kwenye mkeka wake.

Mimi na mume wangu Lutengano tulilala kwanza na mbwa wa kizungu, mwenye cheti cha ukoo. Tukaota uwanja mweupe usio na harufu. Wa pili, chotara, akatuotesha vitu nusunusu: kuku mwenye mapezi, mvua inayobweka. Wa tatu alikuwa ameokotwa barabarani, sikio moja limekatika. Ndotoni mwake kulikuwa na jiko la kuni, na mwanamume mwenye kovu mkononi akimenya ndizi huku akicheka peke yake.

Niliamka natabasamu. “Tumchukue huyu.”

“Atu, huyu ana watu wake,” alisema Lutengano. “Bora yule wa kizungu. Kichwani mwake bado kuna nafasi yetu.”

Sikumsikiliza.

Sasa mbwa analala miguuni pangu. Lutengano amehamia chumba cha wageni, hataki kuota. Mimi kila nikifumba macho niko jikoni mle, moshi unanukia vizuri, na yule bwana ananimegea ndizi ya moto.

Jana mchana tulikuwa tumejilaza, geti likalia. Mimi na mbwa tukainua vichwa kwa pamoja, mioyo ikitudunda. Lutengano akaingia, akaniita jina langu.

Tukalaza vichwa tena. Hakuwa yule bwana wa jikoni.