Prosesa Zilizofungwa

Basi lilipinduka asubuhi, na kufikia adhuhuri madaktari wote walikuwa wakitafuta rekodi za majeruhi kwenye kompyuta kwa wakati mmoja. Mfumo ukaelemewa.

Mishi ndiye aliyeutunza mtambo mkuu wa kompyuta wa mji. Ulikuwa umegawanywa sehemu mbili, moja ya hospitali na nyingine ya pampu za maji, naye alikwisha kuihamishia hospitali nguvu yote ambayo pampu zingeweza kuachia. Ndani ya mtambo zilikuwamo prosesa nyingine za akiba, yaani bongo za kompyuta, nzima kabisa, ila zimefungwa. Zingeweza kufunguliwa tu kwa namba ya siri kutoka kwa watengenezaji ng'ambo, na huko ilikuwa sikukuu.

"Dada Mishi," nesi Kadzo alisema kwenye simu, "nina mtoto hapa, hali yake mbaya. Kuna dawa inayomdhuru, imeandikwa kwenye rekodi yake, lakini rekodi haifunguki."

"Nimewapigia. Wanasema nisubiri."

"Usubiri mpaka lini?"

Mishi aliugusa mtambo ubavuni. Upande mmoja ulikuwa wa moto. Upande wa prosesa zilizofungwa ulikuwa baridi kama ukuta.

Kadzo hakukata simu, aliiweka tu mezani. Mishi akamsikia akiuliza kwa upole, "Mama, jaribu kukumbuka. Ni dawa gani iliyomletea mwanao shida mara ile?"

"Ilikuwa ya maji," sauti ya mwanamke ikasema. "Nyeupe. Au ile nyeupe ilikuwa ya dada yake."